Mshale Uliooshwa

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi kule barabarani, Renata Dudek alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza alipewa: kuwanywesha ndama maziwa kwa chupa, huku akiwasugua shingo ili wanywe kwa utulivu. Ya pili alijipa mwenyewe. Alichukua upinde wake, akaenda nyuma ya ghala, akapiga mishale kwenye robota la majani makavu mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Kwenye robota hilo palikuwa na kulungu aliyechorwa kwa chokaa. Bibi ndiye aliyemchora, na kwa kuwa Bibi hakujua kuchora, kulungu huyo alifanana zaidi na mbuzi mwenye mimba. Lakini nyuma ya bega lake, mahali penye moyo na mapafu, Bibi alikuwa ametia doa jekundu kwa rangi yake ya midomo, ile ya harusini.

"Hapo tu," Baba alimwambia Renata kila mara. "Si karibu na hapo. Hapo penyewe. Mnyama hakukuomba umpige, kwa hiyo ukimpiga, umpige vizuri."

Renata alikuwa na miaka kumi na miwili, na hayo yalikuwa majira yake ya kwanza kuruhusiwa kuwinda kulungu kwa upinde, akiwa pamoja na baba yake. Kwao, Wisconsin, Marekani, kila nyumba ya wakulima ina friza, na majani ya miti yakianza kudondoka, kila friza huwa inamsubiri kulungu.

Ndani ya jiko lao, juu ya mlango wa kutokea uani, kulikuwa na misumari iliyoshikilia mishale ya zamani. Mingine ilikuwa ya mbao, ya marehemu Babu, imepinda kwa uzee. Mingine ilikuwa ya Baba. Renata hakuwahi kuuliza habari zake. Aliamini kwamba ile ni mishale ya ushindi, isipokuwa mmoja tu, ule wa chini kabisa wenye manyoya ya njano. Huo ulikuwa wa kaka yake Stan, na habari zake kila mtu nyumbani alizijua.

Mwaka uliotangulia, Stan alimpiga kulungu jike tumboni. Kulungu aliyepigwa tumboni, ukimwacha atulie, hulala chini karibu na hapo na kufa polepole bila kwenda mbali. Ukimfuata mapema, huinuka na kukimbia mpaka mahali ambapo hakuna mtu atakayemwona. Stan hakusubiri. Aliruka chini kutoka mtini akamkimbilia, akavuka ua wa jirani yao Mzee Lemke bila kuomba ruhusa, akakata waya kwa haraka zake, na jioni hiyo ng'ombe wa Mzee Lemke wakatapakaa barabarani. Kulungu hakupatikana. Theluji ilipoyeyuka, Baba aliikuta mifupa yake vichakani.

Tangu jioni ile ya ng'ombe Renata alimwita kaka yake Mfukuzaji.

"Mfukuzaji, nisogezee siagi."

"Mfukuzaji, basi hilo linaondoka, lifukuze!"

Stan, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano na mikono mirefu kuliko mikono ya shati lake, hakuwahi kujibu. Alisogeza siagi tu.

*

Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba, baada ya chakula cha mchana, Baba na Renata walipanda kwenye dungu lao. Lilikuwa jukwaa la mbao lililofungwa kwenye mwaloni mkubwa, pembeni ya kijito, karibu na nyumbani kiasi kwamba ungeweza kusikia mlango wa ghala ukigonga. Baba aliufunga mkanda wa usalama kiunoni mwa Renata, akauvuta, halafu akauvuta tena.

"Utanikata vipande viwili, Baba."

"Afadhali vipande viwili juu kuliko kimoja chini," Baba alisema, na Renata akacheka kwa kujiziba mdomo.

Wakakaa kimya. Kindi mmoja akashuka kwenye shina, akawaona, akawatukana kwa lugha yake, akarudi juu. Jua lilikuwa limeanza kulala wakati simu ya Baba ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa Mama. Mtamba mmoja alikuwa anazaa kwa taabu, ndama amekaa vibaya, na Stan peke yake hakuweza kumvuta.

Baba alimtazama binti yake, akatazama upande wa ghala. "Twende sote?"

"Baba, nikishuka nitaacha harufu kila mahali. Nitakaa tu. Naapa."

Baba akafikiri. "Haya. Usiufungue mkanda. Upinde uning'inize hapo kwenye msumari, na ubaki hapo hapo. Usiuvute mpaka nirudi. Umenisikia? Nataka uniambie ulichosikia."

"Nisiuvute mpaka urudi."

Baba akashuka, akaondoka kwa hatua za mtu anayekimbia bila kutaka kutisha wanyama.

Hakuwa hata amefika ghalani, Renata alipomwona dume. Alitokea upande wa kijito akinusa mbegu za mwaloni, shingo nene, pembe zake za matawi zikimeta kama zimesuguliwa kwa nta. Renata aliwaza watu wa kwenye basi la shule siku ya Jumatatu. Aliwaza namna atakavyosema, bila kujigamba sana, "Ndiyo, mimi mwenyewe." Mkono wake ulikuwa umeshautoa upinde kwenye msumari kabla hajakubaliana nao.

Dume alikuwa bado anatembea. Renata alipaswa kusubiri asimame, ageuze ubavu wote, atangulize mguu wa mbele. Aliyajua yote hayo. Alikuwa ameyarudia nyuma ya ghala kila asubuhi. Lakini dume alikuwa anaelekea nyuma ya kichaka, na Renata akaona akisubiri atamkosa.

Akaachia.

Mshale haukumgonga kwenye bega. Ulimpenya nyuma ya mbavu, ukatoka upande wa pili na kuchoma ardhini. Dume hakuruka wala hakukimbia. Alikunja mgongo kama mtu aliyeshikwa na msokoto wa tumbo, akaondoka kwa hatua fupi fupi, kichwa chini.

Renata akafungua mkanda na kushuka. Akauchomoa mshale. Ulikuwa na utelezi wa rangi ya kijani, na harufu yake ilikuwa kama ya tumbo la ng'ombe siku ya kuchinja. Akasema moyoni kwamba atatazama kidogo tu, mpaka pale kwenye ua. Akafuata matone ya damu, moja hapa, moja kule, macho yakiwa chini, na alipoyainua alimwona dume amelala kwenye nyasi ndefu karibu na ua wa Mzee Lemke. Walitazamana. Dume akajiinua kwa shida, akayumba, akaruka waya na kutokomea.

Hapo ndipo Renata alipoelewa alichokifanya. Kilikuwa kile kile. Na jina lilikuwa tayari, alilitengeneza mwenyewe, na lingemkaa vizuri kuliko lilivyomkaa Stan.

Alirudi mpaka kijitoni. Akapiga magoti, akauosha mshale kwa maji baridi, akausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa, akaurudisha ndani ya podo pamoja na mingine. Kisha akapanda, akafunga mkanda, akauning'iniza upinde kwenye msumari.

Baba aliporudi mikono yake ilikuwa bado myekundu kwa kuoshwa, lakini uso wake ulikuwa na furaha. "Wako salama wote wawili. Ndama jike, ana nyota usoni." Akatoa chupa ya kakao moto ndani ya koti. "Mama yako amekutumia. Umeona kitu?"

"Hapana, Baba."

"Haidhuru. Umekaa kama nilivyokwambia, na hilo ndilo nililotaka zaidi ya kulungu." Akammiminia kakao kwenye kifuniko cha chupa, akakishika mpaka alipohakikisha kwamba vidole vya Renata vimekishika sawasawa.



*

Nyumbani kwa akina Dudek kulikuwa na desturi. Mtu akitoka kuwinda, hata kama hakupiga kitu, alitoa mishale yote kwenye podo na kuilaza juu ya benchi la ukumbi wa nje, ili atakayetaka kuitazama aitazame. Renata aliilaza haraka haraka, akaenda kuwanywesha ndama maziwa ya jioni.

Alikuwa amemshikia chupa yule ndama mpya mwenye nyota usoni wakati Stan alipoingia. Aliegemea kizuizi cha mbao, akawa anamtazama ndama, hamtazami dada yake.

"Ananyonya vizuri," alisema Stan.

"Mm."

"Renata. Mshale wako mmoja una manyoya yaliyolowa."

Renata aliinamisha chupa zaidi.

"Mingine yote ina vumbi la robota. Huo unang'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa Pasaka. Na leo mvua haijanyesha." Stan alijikuna shingo. "Baba hajautazama bado. Yuko kwa yule mtamba. Nimeona nikwambie wewe kwanza."

"Kwa nini usimwambie yeye?"

"Kwa sababu si habari yangu. Ni yako."

Chupa ilikuwa imekwisha, na ndama aliendelea kunyonya hewa. Renata alianza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea ndama kwenye ile nyota.

"Utanicheka," alisema.

"Nikucheke nipate nini?"

"Mimi nimekucheka mwaka mzima."

"Najua. Nilikuwepo," Stan alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Sikiliza. Ulimpiga wapi?"

"Nyuma. Nyuma ya mbavu. Halafu nikamfuata, Stan. Nikamwinua. Akaruka kwa Mzee Lemke."

Stan alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kwenye kidonda cha zamani. Kisha akaichukua ile chupa mikononi mwa dada yake. "Yuko kule nje saa hizi, anaumwa. Ukinyamaza wewe, hakuna mtu atakayemtafuta, na kesho mchana mvua itanyesha, redio imesema. Ikinyesha damu yote itafutika. Nenda kaseme. Chupa nitaosha mimi."

Akakumbuka aliyoyasema, akaongeza, "Hii chupa inaruhusiwa kuoshwa."

*

Baba alikuwa anavua buti mlangoni na Bibi alikuwa anapakua supu ya kabeji. Renata akasimama katikati ya jiko, mshale mkononi, akasema yote bila kupumzika: dume, upinde, matone, ua, kijito. Alipofika kwenye neno "hapana" alilomjibu baba yake, akalisema mara mbili ili lisikike.

Baba hakupiga kelele. Renata angependa apige. Alikaa na buti moja mguuni, akiutazama ule mshale.

"Nipe," alisema. Akaunusa, akaugeuza kwenye mwanga wa taa. "Hakuna kitu hapa. Unajua kwa nini hatuoshi mshale kabla ya kumpata mnyama? Mshale ndio unaotwambia tufanye nini. Damu nyepesi yenye mapovu, ni mapafu, mnyama yuko karibu. Nyekundu nzito, ni ini, unasubiri. Ya kijani, ni tumbo, unasubiri usiku kucha. Huu umeufunga mdomo. Sasa itabidi useme wewe badala yake. Ulikuwa na rangi gani?"

"Kijani. Na ulinuka tumbo la ng'ombe."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Baba."

"Basi leo hatumfuati. Tukienda sasa hivi tutamwinua tena. Umeshamwinua mara moja, akiinuliwa ya pili hatutampata." Akavuta pumzi. "Umevuta upinde nilipokukataza, na umenidanganya nilipokuuliza. Upinde wako utakaa juu ya kabati mpaka majira haya yaishe. Na mimi nilikuacha peke yako juu ya mti. Hilo ni kosa langu, sitakutwika wewe. Kunywa supu, kisha tutakwenda kwa Mzee Lemke."

"Baba! Mzee Lemke hatupendi."

"Ana sababu. Waya wake tuliukata sisi. Utaongea wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Bibi akaendelea kupakua. Alimwekea Renata bakuli lake kwanza, kabla ya la Baba, na akauweka mkono wake mgongoni mwa mjukuu wake mpaka kijiko cha kwanza kikaingia mdomoni.

Mzee Lemke aliishi peke yake ng'ambo ya barabara na mbwa wake Fritzi, mnusaji hodari mwenye miguu mifupi na mwili mrefu kama soseji, na masikio ya kufagia sakafu. Alifungua mlango akiwa na soksi tu. Alipowaona akina Dudek, nyusi zake nyeupe zikashuka.

"Ng'ombe wangu wako barabarani tena?"

"Hapana, Mzee," Renata alisema. Kisha akaeleza. Alieleza mbele ya uso ule mkavu kila kitu alichokifanya, hata kijito.

"Kwa hiyo ulimpiga ukiwa peke yako, ukamfukuza, ukaosha mshale, ukadanganya," alisema Mzee Lemke. "Kuna ulichosahau kuharibu?"

"Sidhani, Mzee."

Kitu fulani kikatikisika chini ya masharubu ya mzee yule. "Na sasa unataka nini?"

"Naomba ruhusa ya kuingia shambani kwako kesho asubuhi kumtafuta. Hatutakata waya. Na kama… kama Fritzi ana nafasi."

Mzee Lemke akamtazama mbwa wake, ambaye tayari alikuwa ananusa kiatu cha Renata kwa bidii, mkia ukigonga ukuta.

"Mwaka jana hamkuomba," alisema. "Mngeomba, huyu hapa angempata yule jike. Nilikaa ndani nikamsikia anabweka dirishani, nikasema, shauri yao." Akamkuna Fritzi kichwani. "Na sikufurahi. Njooni kukishapambazuka. Mlango wa ua wa upande wa bwawani nitauacha wazi, msije mkaruka waya."

Walipokuwa wanarudi, taa ya ukumbi wake ilibaki inawaka mpaka walipomaliza kuvuka barabara.

*

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na mawingu yalikuwa mazito upande wa magharibi. Renata hakuwa amelala vizuri. Kila mbweha alipolia usiku, alilisikia lile jina.

Mzee Lemke alikuwa anawasubiri penye mlango wa ua, Fritzi akiwa kwenye kamba ndefu. Alimkabidhi Renata ncha ya kamba bila kueleza. "Usimvute. Mfuate. Yeye anajua, sisi hatujui."

Fritzi akaweka pua chini mahali dume aliporuka, akapiga chafya, akaanza safari. Alipita kwenye vichaka, akazunguka bwawa, akasimama kwenye njia panda ya wanyama, akarudi nyuma. Renata aliona damu mara mbili tu, tone dogo kwenye jani, kisha hakuona tena. Stan alikuwa anatembea nyuma, na kila palipokuwa na alama alifunga kipande cha karatasi kwenye tawi, ili wakipotea warudi hapo.

"Hivi ndivyo ungefanya mwaka jana?" Renata aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hivi ndivyo nilivyojifunza baada ya mwaka jana," Stan alisema. "Nilimsumbua Baba majira yote ya baridi. Kila siku, 'Ningefanya nini? Ningefanya nini?' Wewe ulikuwa unaniita Mfukuzaji, hukuwa unasikiliza."

Tone la kwanza la mvua likadondoka kwenye mkono wa Renata. Kisha la pili. Baba akatazama juu, akaongeza mwendo. Fritzi aliingia kwenye matete kando ya bwawa, kamba ikakaza, na tumbo lake refu likazama topeni. Renata akaingia nyuma yake, maji ya barafu yakimjaa ndani ya buti. Akawa anamwambia mbwa, "Tafadhali. Tafadhali, mzee wangu," kana kwamba anaongea na mtu.

Fritzi akasimama na kutoa mlio mmoja mrefu.

Dume alikuwa amelala kwenye kisiwa kidogo cha nyasi, miguu imekunjwa chini yake, kichwa kimeegemea matete. Alikuwa ameshakuwa wa baridi. Mbweha walikuwa wamewatangulia. Paja lake moja lilikuwa limeliwa mpaka mfupa. Nyama nyingine ilikuwa salama, kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi kali.

Renata alipiga magoti pale pale majini. Alikuwa amefikiri kwamba akimwona ataziangalia pembe. Hakuziangalia. Aliweka kiganja chake shingoni mwa dume, pale alipozoea kuwasugua ndama.

"Samahani," alimwambia. "Nimekuchelewesha kupumzika."

Hakuna aliyecheka. Mzee Lemke alivua kofia, akaikung'uta maji ambayo hayakuwepo. Mvua ikaanza kunyesha sawasawa, na Stan akaingia majini upande wa pili, akashika pembe moja, akangoja dada yake ashike nyingine.

*

Jumatano jioni, jiko lilijaa harufu ya kitunguu saumu na kiungo cha majorani. Mama alikuwa anasaga nyama, Bibi alikuwa anajaza soseji, na Renata alikuwa anazifunga kwa uzi. Fungu la kwanza, lenye nyama laini ya mgongo, lilikuwa limeshapelekwa ng'ambo ya barabara, na mfupa mmoja mkubwa kwa ajili ya Fritzi. Jumamosi Baba na Stan wangekwenda kumbadilishia Mzee Lemke waya wote wa upande ule, ule mkuukuu na usio mkuukuu. Renata angeshika misumari.

Baba akaingia na ule mshale uliooshwa. Akachukua nyundo na msumari.

"Baba, naomba usiuweke pale," Renata alisema. "Pale ni pa mishale ya ushindi. Ya Babu, na ya kwako."

Bibi aliacha kujaza soseji. "Ushindi gani?" aliuliza. "Leonard, hukuwahi kuwaambia hawa watoto?"

"Nilidhani wanajua," alisema Baba.

Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akauelekeza mwiko juu ya mlango. "Ule wa juu, uliopinda. Mnaukumbuka mguu wa babu yenu, aliokuwa anauburuta?"

"Alikanyagwa na ng'ombe," alisema Stan.

"Ng'ombe masikini, kasingiziwa miaka yote. Babu yenu alipanda mtini na mshale umeshatiwa kwenye upinde. Akateleza. Mshale ule uliingia kwenye buti lake na kutokea kwenye soli. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba hii anayepanda na mshale mkononi. Upinde tunaupandisha kwa kamba tukishakaa. Na ule wa kijani ni wa baba yenu. Alipiga kulungu wa mbali, giza linaingia, kwa sababu rafiki yake alimwambia hawezi. Mwulize kama alimpata."

Baba alikuwa ameshughulika sana na msumari wake.

"Yote?" Renata aliuliza. "Yote ni makosa?"

"Yote. Mishale ya ushindi iko ndani ya podo, inafanya kazi. Hii hapa ndiyo inayofundisha. Kila mtu akitoka kwenda kuwinda hupita chini yake." Bibi akauchukua mshale mikononi mwa Baba, akaupitishia kidole. "Huu wako ndio wa ajabu kuliko yote, mwanangu. Mingine ina damu iliyokauka, ina tope, unaweza kuisoma. Huu hauna kitu. Mtu akiuliza, itabidi sisi tumsimulie, maana wenyewe hausemi. Na ungefaulu kuuficha, Stan asingejua kwamba alichojifunza kwa uchungu kinaweza kumsaidia mtu. Mzee Lemke angekufa anatuchukia. Na yule mnyama angeliwa na mbweha peke yao." Akamkabidhi. "Katika nyumba hii hatumkatazi mtu kukosea. Utakosea tena, na mimi nitakupakulia supu tena. Tunachokataza ni kuosha mshale."

Renata akavuta stuli. Baba akampa nyundo. Akapigilia msumari chini kabisa, chini ya ule wenye manyoya ya njano, mahali ambapo hata mtoto mdogo angeweza kuuona vizuri na kuuliza. Akauweka mshale wake, ukalala sambamba na wa kaka yake.

Stan aliinua kikombe chake cha maziwa. "Karibu, jirani," alisema.

Renata akashuka kwenye stuli, akakaa mezani, akakaza uzi kwenye soseji iliyokuwa inamsubiri. "Kaka Stan," alisema, "nisogezee siagi, tafadhali."

Stan akamtazama kuona kama kuna mzaha. Alipoona hakuna, akaisogeza, na mkate akaukata yeye mwenyewe.